Kidonge cha Rangi ya Damu ya Mzee

Katika tarehe ya madawa kipo kidonge kimoja kidogo, chenye umbo la yai na rangi ile ambayo Waswahili huiita damu ya mzee, ambacho kiliingia katika maduka ya Kanada mwaka 1941 na ya Marekani mwaka 1942, na ambacho hata leo hakijaondoka. Tangu siku hiyo asili ya dawa iliyomo ndani yake haikugeuka. Lakini maneno ya watu juu yake yamegeuka kama zigeukavyo pepo za bahari, leo kaskazi, kesho kusi. Kwanza kilisifiwa kuwa ni faraja ya wanawake waliokoma hedhi. Kisha kikaitwa chemchemi ya ujana. Kisha kikashitakiwa kwa saratani. Kisha kikatukuzwa kuwa ni mlinzi wa moyo. Kisha kikahukumiwa kuwa ni sumu. Na mwishowe, baada ya safari ndefu ya sifa na shutuma, kimerejea karibu na pale kilipoanzia, yaani faraja. Mwenye kutaka kujua kwa nini kitu kimoja kilipewa majina mengi kiasi hicho hana budi kuangalia yale yaliyokuwa yakihesabiwa na watu waliokitengeneza, waliokiuza na waliokiandikia wagonjwa wao. Kwani katika kisa hiki kila kitu kilihesabiwa mapema, isipokuwa wanawake wenyewe.

Hesabu ya kale katika jambo hili ilikuwa hesabu ya miezi. Kiswahili husema kwamba mwanamke amekoma hedhi, na Kiarabu huuita umri huo sinn al-ya's, maana yake umri wa kukata tamaa, yaani kukata tamaa ya kuiona damu tena. Wanazuoni wa sheria ya Kiislamu walilazimika kuupima umri huo kwa sababu eda ya mwanamke aliyeachwa hufuata hedhi zake, ilhali yule ambaye hedhi imemkoma huhesabiwa miezi mitatu. Na katika madhehebu ya Imam Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, rai iliyo mashuhuri ni kwamba umri wa kukata tamaa ni miaka 62. Kwa hiyo mbele ya kadhi jambo hili lilikuwa la kalenda, wala halikuwa la maradhi: aliuliza, akahesabu, akahukumu, na mwanamke akaenda zake na hukumu yake mkononi, bila ya kuambiwa kwamba ana upungufu wowote mwilini.

Jina ambalo leo limeenea katika lugha nyingi za dunia lilitungwa Ufaransa na tabibu Charles de Gardanne, ambaye aliunganisha maneno mawili ya Kiyunani, moja la mwezi na moja la kukoma, akalitangaza katika kitabu chake cha mwaka 1821. Maana ya jina hilo haitofautiani na ya Kiswahili hata kidogo. Lakini lilizaliwa mikononi mwa daktari, na kitu kikishapewa jina na daktari hakikawii kutafutiwa tiba. Mwaka 1857 tabibu Edward Tilt wa London alitoa kitabu kizima juu ya mabadiliko ya umri huo, na matabibu wa zama zake walikuwa na vifaa vyao: ruba wa kunyonya damu, wembe wa kuitoa, na afyuni. Mwanamke aliyekwenda kwa tabibu akilalamika kwamba usiku huamka ameloa jasho, alirudi nyumbani na afyuni, akalala, na kulala huko kukahesabiwa kuwa ni kupona.

Afadhali tusimame kidogo tutazame kinachotokea, maana wale matabibu hawakukijua. Mtoto wa kike huzaliwa na akiba yake yote ya mayai katika ovari zake mbili, na akiba hiyo hupungua mwaka hata mwaka, mpaka karibu na umri wa miaka 50 huwa imekwisha au imekaribia kwisha. Ovari hizo hizo ndizo zinazotoa homoni iitwayo estrojeni, na homoni hiyo ikipungua, ile sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili hupotewa na mizani yake: hudhani mwili umechemka ilhali haukuchemka, ikafungua mishipa ya ngozi na kutoa jasho ili kuupoza. Hayo ndiyo mafukuto yanayompanda mwanamke kifuani na usoni kwa ghafla, mchana mbele ya wageni au usiku wa manane, na baada ya dakika chache yakamwacha akitetemeka kwa baridi ndani ya nguo zilizoloa. Wako wanaopita salama kana kwamba hapana kilichotokea, na wako wanaosumbuka kwa miaka saba au kumi. Fauka ya hayo, mifupa huanza kupoteza ugumu wake upesi kuliko kwanza, na ukavu wa tupu huleta maumivu ambayo wengi huona haya kuyataja hata kwa tabibu wao.

Dhana kwamba kiungo kilicholegea chaweza kusaidiwa kwa maji ya kiungo cha mnyama ilipata umashuhuri Paris mwaka 1889, pale mwanachuoni Charles-Édouard Brown-Séquard, akiwa na umri wa miaka 72, aliposimama mbele ya wenzake akadai kwamba amejidunga maji ya korodani za wanyama na kwamba nguvu za ujana zimemrudia. Wenzake wengine walicheka, lakini haikupita miaka kumi kabla ya ovari za ng'ombe, zilizokaushwa na kusagwa kuwa unga, kuuzwa Ujerumani na kwingineko kwa wanawake waliokoma hedhi. Kipya kinyemi, kingawa kidonda: unga ule ulinunuliwa na kumezwa, ijapokuwa hapana aliyejua una nini ndani yake, wala kama una kitu chochote. Hata neno homoni lenyewe lilikuwa halijazaliwa, kwani lilitumiwa mara ya kwanza na Ernest Starling mjini London mwaka 1905, naye alilichukua katika Kiyunani, kwa maana ya kuchochea au kuamsha.

Hesabu ya kweli ilianzia kwa panya. Mwaka 1923, katika mji wa St. Louis nchini Marekani, Edgar Allen na Edward Doisy walichukua ovari za nguruwe kutoka machinjioni, wakakamua maji yaliyomo ndani ya vifuko vya mayai, wakayadunga katika panya majike ambao ovari zao zilikwisha kukatwa. Kila baada ya muda waligusa tupu ya panya kwa ncha ndogo, wakaupaka ute ule juu ya kioo, wakautazama kwa hadubini. Na walipoziona chembe zake zimegeuka kuwa kama za panya aliye katika siku za kupandwa, walijua kwamba maji yale yana nguvu. Njia hii ilikuwa nyepesi, tena ya bei ndogo, na fadhila yake kubwa ni kwamba kwa mara ya kwanza mtu aliweza kusema dawa hii ina nguvu kiasi gani, badala ya kusema tu kwamba bibi fulani ameinywa akajisikia vizuri.

Baada ya kupatikana mizani, ikabaki kupata bidhaa. Mwaka 1927 Selmar Aschheim na Bernhard Zondek, waliokuwa wakifanya kazi Berlin, walitambua kwamba mkojo wa mwanamke mjamzito umejaa homoni hiyo, na mwaka 1929 Doisy huko Marekani na Adolf Butenandt huko Ujerumani, kila mmoja kwa upande wake, wakaitoa safi katika umbo la chembe ngumu zing'aazo kama chumvi. Doisy hakuridhika, akarejea kwa nguruwe wake kuitafuta aina ya homoni iliyo na nguvu zaidi; na ili kupata miligramu 12 tu alihitaji ovari zenye uzito wa tani 4. Msomaji na alipime jambo hili kwa kidonge chetu: kipimo kilichozoeleka cha kidonge kile ni miligramu 0.625, kwa hiyo tani 4 za ovari hazingetosha kujaza vidonge 20. Kwa njia hiyo elimu ilipatikana, lakini dawa isingepatikana.

Aliyeifungua njia ya tijara alikuwa James Bertram Collip wa chuo kikuu cha McGill mjini Montreal, ambaye kabla ya hapo alipata sifa kwa kushiriki katika kuisafisha insulini. Yeye alianza na kondo la nyuma la wanawake waliojifungua, akapata dawa ya kunywa iliyouzwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1930. Ila malighafi yake ilikuwa adimu na bei yake ilikuwa kubwa. Ndipo wakemia wa kampuni iliyoshirikiana naye walipoufuata ugunduzi mwingine wa Zondek, ule wa 1930, kwamba farasi jike mwenye mimba hutoa katika mkojo wake homoni nyingi kupita viumbe wengi wanaojulikana. Hapo ndipo kilipopatikana kile kidonge cha rangi ya damu ya mzee, na hata jina lake la biashara, Premarin, limefumwa kutokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya mkojo wa farasi wajawazito.

Hivyo, katika nyanda za baridi za Kanada, na baadaye hasa Manitoba na jirani zake, kukazuka kazi ambayo wakulima wa hapo kabla hawakuiwazia. Farasi jike hubeba mimba miezi kumi na moja. Alipandishwa wakati wa kiangazi, na majani yalipoanza kupukutika aliingizwa bandani, akasimamishwa katika kizimba chembamba kisichomruhusu kugeuka upande wa pili, akafungwa mfuko wa mpira nyuma yake kwa kamba zilizoning'inizwa kwenye dari, na mrija ukaupeleka mkojo katika chombo. Hapo alikaa sehemu kubwa ya miezi ya theluji, mpaka ulipokaribia msimu wa kuzaa alipofunguliwa kwenda malishoni. Mkulima alipeleka mapipa yake kiwandani, naye alilipwa si kwa wingi wa maji bali kwa uzito wa homoni iliyokutwa ndani yake. Watetezi wa wanyama walikuja kulalamika sana juu ya kusimama kule kwa muda mrefu, na juu ya maelfu ya watoto wa farasi waliozaliwa kila mwaka bila ya kuhitajiwa na mtu.

Wakati huo huo ilikuwapo njia iliyo rahisi kuliko zote. Mwaka 1938 Charles Dodds na wenzake mjini London walitangaza kemikali waliyoiunda wenyewe, isiyotoka kwa mnyama wala mmea, iliyofanya kazi ya estrojeni. Nao hawakuifungia haki ya kuimiliki, hata ikawa kila kiwanda kingeweza kuitengeneza. Kemikali hiyo, ambayo huandikwa kwa herufi DES, ilikubaliwa na serikali ya Marekani mwaka 1941 kwa ajili ya mafukuto, na kutoka hapo ikaenea kupewa wajawazito kwa kudhaniwa kwamba huzuia mimba kuharibika. Hatima yake ilidhihirika mwaka 1971, pale Arthur Herbst na wenzake wa Boston walipoonyesha kwamba baadhi ya mabinti waliokuwa tumboni mama zao walipoimeza walipatwa na saratani ya uke iliyo adimu mno kwa vijana. Deni la mama lililipwa na bintiye, tena baada ya miaka ishirini. Na hilo lilikuwa onyo kwamba katika mambo ya homoni hesabu haifungwi mapema.

Kidonge cha mkojo wa farasi hakikuhusika na msiba huo, na katika miaka yake ya mwanzo kilitumika kwa kiasi: mwanamke aliyesumbuka alikimeza kwa muda, akapumua, akakiacha. Tena ilikuwapo sababu ya haki ya kukithamini, kwa kuwa karibu na mwaka 1940 Fuller Albright wa Boston alikuwa ameona kwamba wagonjwa wake wenye mifupa myepesi ya uti wa mgongo, iliyovunjika kwa jambo dogo, takriban wote ni wanawake waliokoma hedhi. Lakini mwaka 1966 alitokea tabibu wa wanawake wa Brooklyn, jina lake Robert Wilson, akatoa kitabu kiitwacho Feminine Forever, na ndani yake akasema kwamba ukomo wa hedhi si hatua ya umri bali ni maradhi ya upungufu, kama kisukari kilivyo upungufu wa insulini, na kwamba mwanamke asiyetibiwa hupoteza uanawake wake, basi ameze homoni mpaka mwisho wa maisha yake. Nakala laki moja za kitabu hicho ziliuzwa katika muda wa miezi saba. Mwamba ngoma ngozi huvutia kwake: ikaja kujulikana kwamba kazi ya Wilson ilisaidiwa kwa fedha za watengenezaji wa dawa zile zile alizozisifu. Hata hivyo haitakuwa insafu kumtupia yeye peke yake lawama yote, maana waume, magazeti na matabibu wengi waliyapenda maneno yake, na wako wanawake walioyapenda pia, kwa kuwa aliwaambia angalau kwamba mateso yao ni ya kweli. Taksiri yake ni kwamba aliyasema katika kauli moja na mengine ambayo hayakuwa ya kweli.

Kufika mwaka 1975 kidonge hicho kilikuwa miongoni mwa dawa zilizoandikwa zaidi Marekani. Na mwezi Desemba wa mwaka huo huo, katika toleo moja la jarida la matabibu la New England, zilitoka makala mbili, moja ya Seattle na moja ya Los Angeles, zilizoeleza kwamba wanawake wanaotumia estrojeni hupatwa na saratani ya mji wa mimba zaidi ya wasiotumia, mara 4.5 katika hesabu ya kwanza na mara 7.6 katika ya pili. Sababu yake ilikuwa wazi kwa mwenye kujua kazi ya mwili. Estrojeni hunenepesha utando wa mji wa mimba, na katika miaka ya uzazi homoni ya pili, projesteroni, huja katika nusu ya mwisho ya mwezi kuutuliza, na utando ukavuliwa kwa hedhi. Mwenye kupewa ya kwanza bila ya pili ni kama shamba linalonyweshewa maji kila siku bila ya kupaliliwa. Dawa ya kosa hilo ilikuwapo tayari, kwani tangu miaka ya 1940 Russell Marker alikuwa amevumbua namna ya kutoa projesteroni katika viazi vya mwituni vya Mexico, vilivyo jamaa ya viazi vikuu vyetu, na wakemia wengine wakaunda nyingine za kufanana nayo. Tangu hapo mwanamke aliye na mji wa mimba hupewa zote mbili, na aliyekatwa hupewa estrojeni peke yake. Mwaka 1977 serikali ya Marekani ikaamuru kwamba kila anunuaye estrojeni apewe karatasi ya kumweleza madhara yake kwa maneno anayoyafahamu. Ni amri ambayo baadhi ya matabibu waliichukia, kwa kuona kwamba inaingia baina yao na wagonjwa wao.

Biashara iliyoanguka ikainuka tena kwa kushika jambo jingine, nalo ni moyo. Mwaka 1976 ulikuwa umeanzishwa nchini Marekani uchunguzi wa wauguzi wa kike 121,700, waliojibu maswali kwa posta juu ya siha yao. Na ilipofika mwaka 1991 majibu yao yalionyesha kwamba wanaotumia estrojeni hupatwa na maradhi makuu ya moyo takriban nusu ya wasiotumia. Matabibu wakaanza kuwaandikia homoni hata bibi wa miaka 70 asiyekuwa na mafukuto wala usumbufu wowote. Lakini katika hesabu ile kulikuwa na tundu: wanawake waliochagua homoni walikuwa aghalabu ndio waliokuwa na nafasi, waliokwenda kwa tabibu mara kwa mara na kuutunza mwili kwa njia nyingine. Je, moyo wao ulilindwa na kidonge, au ulilindwa na maisha yao?

Hapakuwa na njia ya kulijibu swali hilo ila moja, nayo ni kuwagawa wanawake kwa kura, hawa wapewe dawa na wale wapewe kidonge kitupu kinachofanana nayo, kisha wahesabiwe. Jambo hilo lilianzishwa na serikali ya Marekani mwaka 1991, karibu miaka hamsini baada ya kidonge kuanza kuuzwa. Katika sehemu ya kwanza waligawanywa wanawake 16,608, wenye umri wa baina ya miaka 50 na 79, na mwezi Julai 2002 uchunguzi ulisimamishwa kabla ya wakati wake, baada ya wastani wa miaka 5.2. Kwa kila wanawake 10,000 waliotumia homoni mbili kwa mwaka mmoja, walizidi 7 wa maradhi ya moyo, 8 wa kiharusi, 8 wa damu kuganda mapafuni, na 8 wa saratani ya matiti. Na walipungua 6 wa saratani ya utumbo mpana na 5 wa kuvunjika nyonga.

Magazeti hayakuandika 8 katika 10,000; yaliandika kwamba saratani ya matiti imezidi kwa asilimia 26. Maneno yote mawili ni ya kweli, kwani kutoka 30 hadi 38 ni ongezeko la namna hiyo, lakini la kwanza humfanya mtu afikiri na la pili humfanya akimbie. Wanawake wakavitupa vidonge, na matabibu wakaogopa kuandika. Kule Manitoba mashamba mengi yakakatiwa mikataba, na farasi waliokwisha kuwa na mimba wakatafutiwa wanunuzi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na hofu hiyo ilidumu miaka ishirini, hata kwa mwanamke wa miaka 50 aliyekuwa halali usiku.

Ilhali hesabu ile ile, ilipotazamwa kwa utulivu, ilikuwa na mengine ya kusema. Wastani wa umri wa waliochunguzwa ulikuwa miaka 63, na wengi wao hedhi iliwakoma zamani. Hawakuwa wanawake ambao kidonge kilitengenezewa. Sehemu ya pili, ya wanawake 10,739 waliokatwa mji wa mimba na kupewa estrojeni peke yake, ilisimamishwa mwaka 2004 kwa sababu ya kiharusi, lakini saratani ya matiti haikuzidi kwao. Kutokana na hayo matabibu wengi sasa wanakubaliana kwamba kwa mwanamke mwenye siha njema, aliye chini ya miaka 60 au ambaye haijapita miaka kumi tangu hedhi imkome, na ambaye mafukuto yanamtaabisha, faida ya homoni aghalabu huzidi hasara yake. Wanakubaliana pia kwamba aliyepata kuugua saratani ya matiti au kuganda kwa damu yapasa atafutiwe njia nyingine. Siku hizi zipo homoni zitokanazo na mimea, zinazofanana kabisa na za mwili, zinazobandikwa juu ya ngozi au kupakwa, nazo huonekana kutoleta hatari ya kuganda damu kama vidonge viletavyo. Mwezi Novemba 2025 idara ya dawa ya Marekani ilitangaza kwamba onyo kali lililobandikwa juu ya homoni hizi baada ya 2002 litaondolewa, isipokuwa lile la saratani ya mji wa mimba kwa estrojeni itumiwayo peke yake, yaani ile hatari iliyodhihirika mwaka 1975.

Kadhi alihesabu miezi, Doisy alihesabu miligramu, mkulima alihesabu mapipa, na mwenye kitabu alihesabu nakala. Wanawake walihesabiwa wa mwisho, na hata walipohesabiwa, wengi wao walikuwa si wale wa kuhesabiwa. Ikiwa kisa hiki kina faida kwa mwanamke anayeamka usiku wa leo na kukuta mto wake umeloa, faida hiyo ni ndogo lakini ni yake: sasa anaweza kuketi mbele ya tabibu na kuuliza, katika wanawake 10,000 walio kama mimi, wa umri wangu na hali yangu, ni wangapi, na akishajibiwa, aipime idadi hiyo dhidi ya usingizi wake, ambao hapana mwingine awezaye kuuhesabu.